Mkoba wa Kijani wa Mama Mkwe

Nimerudi, na hasira zangu bado ninazo.

Mlioniacha wiki iliyopita mnakumbuka niliposimama: kwenye mlango wa kinyozi, mkono umegandia kitasa, nikisikia gemu yangu ikilia kutoka kwenye simu ya mtu. Gemu ambayo haijauzwa. Gemu ambayo haijatangazwa popote. Gemu niliyoiachia kazi ya ukeshia kwenye duka la dawa ili niitengeneze, mpaka ndugu wakaanza kuniuliza kwa upole kama kichwani niko salama.

Kwa mliochelewa, gemu inaitwa Mama Mkwe Yuko Mlangoni. Unapewa nyumba iliyovurugika. Vyombo vimejaa kwenye sinki, nguo zimetapakaa, kuku ameingia sebuleni, na mume amelala kwenye kochi, haamki hata ukimmwagia maji. Mlango unagongwa. Usafishe haraka, la sivyo mama mkwe anaingia, anapitisha kidole juu ya kabati na kuuliza, "Vumbi hili lina umri gani?" Kisha anatikisa mkoba wake, anaguna, anasema, "Mwanangu amekonda." Hapo umekwisha.

Kampuni moja ya kuuza magemu ya simu iliipenda. Mtu wao akasema watasaini nami, sharti gemu isiwe imetoka nje. Asubuhi ya siku ninayowasimulia, mtu huyohuyo akanipigia.

"Dada, gemu yako ninaiona kwenye simu ya shemeji yangu. Amerushiwa bure."

Nikamuuliza nifanye nini.

"Nakupa mpaka jioni," akasema. "Aliyeivujisha akiri kwa mdomo wake mwenyewe, nimsikie. Na nihakikishiwe kwamba hakuna mtu mwingine mwenye haki na kitu chochote kilichomo humo. Ukiweza, tutaziba palipovuja na kusaini. Ukishindwa, tusisumbuane."

Sasa, mimi si mjinga kama ninavyoonekana. Nakala zilizotoka mikononi mwangu zilikuwa tatu tu, za kujaribia: ya mume wangu, ya wifi yangu, na ya rafiki yangu wa duka la dawa. Katika kila nakala niliupaka mkoba wa mama mkwe rangi yake. Wa mume mwekundu, wa wifi kijani, wa rafiki bluu. Kila nakala niliitia kwenye flashi, nikaifunga uzi wa rangi hiyohiyo. Siri ya mikoba sikumwambia mtu. Wazo hilo nililichukua kwenye duka la dobi la mama mkwe wangu mwenyewe, ambako kila nguo hushonewa uzi wa rangi kwenye kola ili shati la huyu lisiende kwa yule.

Kwa hiyo kazi yangu kwa kinyozi ilikuwa moja: kuuona mkoba.

Nikafungua mlango.

"Karibu dada, hata wanawake tunanyoa," kinyozi akasema bila kuinua macho. Simu aliishika kwa mikono miwili. Mashine ya kunyolea ilikuwa imelala mezani, inanguruma peke yake. Kwenye kiti alikaa mteja mwenye kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado ni msitu. Hakulalamika. Alikuwa anafuatilia gemu kupitia kwenye kioo.

"Kuku! Kuku kaingia chumbani!" mteja akapiga kelele.

"Namuona, tulia."

Shida ni kwamba mkoba hauonekani mpaka mama mkwe aingie, na mama mkwe haingii mpaka mchezaji ashindwe. Na kinyozi huyu, jamani, alikuwa hodari. Anaosha vyombo, anasukuma nguo chini ya kitanda, anamtoa kuku dirishani. Mlango unagongwa, nyumba inang'aa, mama mkwe anageuka na kwenda zake. Nimeitengeneza mwenyewe ile gemu na sijawahi kufika alipofika yeye. Nilimwombea ashindwe kama ninavyomwombea mgonjwa apone.

"Gemu hiyo umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Nimerushiwa."

"Na nani?"

"Na mtu. Naye alirushiwa. Kwani siku hizi nani ananunua gemu, dada?"

"Huo ni wizi."

Wakacheka wote wawili. Si kicheko cha ubaya. Kilikuwa kicheko cha kumhurumia mtu asiyejua dunia inakwendaje, na hicho ndicho kilichonichoma zaidi.

"Wizi ni hivi," mteja akaanza kunifundisha, akijitazama kwenye kioo kama jaji. "Nikichukua kuku wako, utaamka huna kuku. Huo wizi. Lakini hapa kuku nimemchukua, na wewe kuku unaye, anatembea uani kwako. Sasa umeibiwa nini?"

"Na wenye magemu ni matajiri," kinyozi akadakia. "Hawajui hata kama tupo."

Tajiri mwenyewe alikuwa amesimama mbele yao na kandambili zenye mkanda uliofungwa kwa waya.

"Halafu sisi tunaonja tu," mteja akaendelea. "Ikiwa nzuri, tutanunua."

"Lini?"

"Siku moja."

Nikafyonya. Watu hawa wanaonja sufuria zima mpaka ukoko, halafu wanakuambia chumvi ilizidi. Nikamgeukia kinyozi.

"Ukimaliza kichwa cha huyu bwana, akasimama akaondoka bila kulipa, itakuwaje?"

"Nitamkimbiza mpaka kwao."

"Kwa nini? Mashine si unayo? Kiti hajakibeba. Kioo kipo. Amekuachia hata nywele zake, zile pale chini. Umepungukiwa na nini?"

Mteja mwenye nusu kichwa akaacha kucheka.

"Aa, hiyo tofauti," kinyozi akasema. "Hiyo ni kazi ya mikono yangu."

"Na mimi gemu niliitengeneza kwa miguu?"

Hapo ndipo akainua macho. "Ni wewe?" akauliza, na kwa kuniuliza hivyo akamsahau kuku. Mlango ukafunguka. Mama mkwe akaingia, kidole mbele, akauliza umri wa vumbi, akatikisa mkoba.

Wa kijani.

"Ahsante," nikamwambia kinyozi. "Mmalizie mwenzio, anatisha."

Kijani ni wifi. Nilitoka pale nikitembea kwa miguu ya mtu aliyeshinda kesi. Msinione mbaya, lakini furaha ilikuwemo ndani ya hasira. Wifi yangu ni mtu wa kujua kila kitu. Siku nilipoacha kazi alisema mbele ya watu, "Mke wa kaka yangu ameacha mshahara akachore kuku." Nikajisemea, leo mchora kuku atakuja kukuonyesha kazi.

Duka la dobi liko kwenye kona, mlango wake unatoa mvuke mchana kutwa. Ukiingia unakutana na mashati yaliyoning'inizwa ndani ya plastiki, kisha kaunta ndefu, na juu ya kaunta vigurudumu vya nyuzi za kila rangi. Mume wangu naye aliwahi kufanya kazi hapo alipokuwa kijana. Mama yake akamtoa. Alikuwa anachanganya nguo: suruali ya mwalimu ikaenda kwa mchungaji, koti la mchungaji likaenda harusini bila mchungaji. "Mvivu, haangalii anachofanya," mama yake alisema wakati ule, na anasema mpaka leo kila akipata nafasi. Ndipo akajifunza ufundi wa makufuli, na kwa makufuli hana mpinzani.

Wifi alikuwa anapiga pasi. Wateja walikuwepo: mama mmoja na bonge la furushi, na bwana mmoja aliyefuata suti yake.

"Wifi, toka nje tuzungumze."

"Nina pasi ya moto mkononi. Zungumzia hapohapo."

Alitaka mwenyewe.

"Mwizi mkubwa wewe!" nikapasua. "Nakupa kitu changu unijaribie, wewe unakigawa mtaa mzima! Ulishindwa kunipenda, sawa. Ndiyo unizike?"

Mama mwenye furushi akaliweka chini ili asikie vizuri. Wifi akasimamisha pasi taratibu, akajifuta jasho.

"Nimekuibia nini, wifi?"

"Gemu! Mkoba wa kijani! Nimeuona kwa macho yangu!"

 Akaenda kwenye msumari ukutani, akatundua kitu, akakiweka mbele yangu kwenye kaunta. Ilikuwa flashi niliyomtumia, imezungushiwa uzi wa alama, fundo langu mwenyewe juu yake. Fundo halijaguswa.

"Kaka alileta hii, akasema niijaribu," wifi akasema. "Nikamwambia nina nguo za watu, sina muda wa kufukuza kuku kwenye simu. Nikaitundika. Mpaka leo sijaifungua."

Nikaiangalia ile flashi. Fundo nililifahamu. Nilichokishangaa ni uzi.

"Mbona mwekundu? Yako nilifunga uzi wa kijani."

"Muulize aliyeleta."

Aliyeleta ni mume wangu. Nilimkabidhi mkononi, nikamwambia, mwekundu ni wako, kijani ni wa dada yako. Kazi ya mtoto wa chekechea. Kama mwekundu ulifika hapa, basi kijani kilibaki kwake. Na kijani ndicho kilichokuwa mtaani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya nguo za mtaa mzima.

"Samahani, wifi," nikasema.

"Sijasikia."

"Samahani."

"Neno mwizi ulilisema kwa sauti ya kuamsha watu. Na samahani ipandishe ifike hapo."

Nikaipandisha. Bwana wa suti akatikisa kichwa kuonyesha kwamba imefika.

Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka mama mkwe. Simuelezi, mnamjua. Mkono mmoja ulishika simu. Kidole cha mkono wa pili kikapita juu ya kaunta, akakiinua kwenye mwanga.

"Vumbi hili lina umri gani?" akamuuliza binti yake.

Mama mwenye furushi akakohoa kikohozi cha uongo. Bwana wa suti akageukia ukuta.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Ngoja kwanza, kuku huyu ananitoa jasho." Akarudisha macho kwenye simu. Nikachungulia. Nyumba ni yangu, sinki ni langu, kuku ni wangu. Mlango ukafunguka kwenye kioo cha simu, na mkoba wa kijani ukatikiswa mbele ya macho yangu.

"Mama, hiyo umeipata wapi?"

"Hee! Kwani hajakwambia?" Uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona tangu niolewe katika familia ile. "Ametengeneza mwanangu! Mume wako! Aliniletea mwenyewe hapa, akaniambia, mama, ona nilichokifanya. Na mimi nilikuwa namwita mvivu miaka yote hiyo!"

Nilimsikia, lakini maneno yalichukua muda kufika.

"Sasa kila anayeleta nguo namrushia," akaendelea. "Wachukue nguo safi, na kazi ya mwanangu juu. Huyu mama hapa nilimrushia, eti?"

Mama mwenye furushi akaitikia kwa kichwa huku akitafuta pa kutazama. Basi, mvujaji mkuu nilikuwa nimempata. Alikuwa anagawa gemu yangu pamoja na mashati.

Halafu akasema neno ambalo nitalikumbuka mpaka nizikwe.

"Ila huyu mama mkwe wa humu ndani, Mungu anisamehe! Mwanamke mchokozi! Mdomo huo! Nilimwambia mwanangu, hapa umempata mama mkwe wako sawasawa. Huyu si mama yako kabisa, mkwe wangu?"

Mama yangu! Mama yangu ambaye tangu azaliwe hajawahi kuuliza vumbi la mtu habari zake. Wifi alifunika uso kwa taulo la mteja, mabega yanatikisika. Nyani haoni kundule, lakini huyu nilikuwa nimemchorea kundule mwenyewe, nikalipaka rangi, nikampa alishike mkononi, na bado anasema ni la jirani.

"Mama," nikasema, "gemu hiyo nimeitengeneza mimi. Aliyekupa ameiba."

"Ameiba! Mume anaibaje kwa mke wake?"

"Kama watu wengine wanavyoiba."

"Na hata kama alichukua, umepungukiwa na nini? Huko kwako si unayo?"

Huyo sasa alikuwa wa pili kwa siku moja kuniuliza swali hilo, na subira ilikwisha kwa kinyozi. Nikalipuka.

"Mtu akichukua cha mwenzake bila kumwomba ni mwizi! Hata kama mwenyewe amebaki nacho! Hata kama ni ndugu yake! Hata kama alichokichukua hakishikiki mkononi! Ni mwizi tu!"

Nilisema kwa sauti hiyohiyo ya kuamsha watu. Yashikeni maneno hayo, maana niliyatoa kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi.

"Mwite," mama mkwe akasema, na furaha yote ikamtoka usoni. "Mwite mumeo aje akujibu mwenyewe."

Nikampigia. Kisha nikampigia mtu wa kampuni, nikaweka simu juu ya kaunta na spika wazi. "Sikiliza mwenyewe," nikamwambia. "Anayekuja ndiye uliyemtaka." Nilijiona mwerevu sana.

Mume wangu aliingia na funguo zake zikilia kiunoni. Kazi yake ni kufungia watu milango. Mtaa mzima unalala salama kwa ajili yake, halafu kwangu mimi ndipo akajifungulia. Akaniona, akamwona mama yake, akaiona simu mkononi mwa mama yake. 

"Mwambie mkeo," mama yake akasema. "Gemu hii nani katengeneza?"

Alimtazama mama yake. Mimi hakunitazama kabisa.

"Tuli... tuliitengeneza pamoja," akasema.

Thubutu! Pamoja! Mchango wake naujua: alilala kwenye kochi, nikamtazama, nikachora.

"Kama ni wawili," sauti ya mtu wa kampuni ikatoka kwenye kaunta, "basi tunahitaji saini mbili, na mapatano mapya, na dada ulituambia uko peke yako. Hapo itabidi tuanze upya au tuache."

 Nikaona kazi yangu yote inakatwa vipande viwili na mtu asiyejua hata kuku anatolewa wapi.

"Swali moja tu," nikasema. "Aliyeitengeneza anaijua. Mama, mwonyeshe hiyo simu. Mume wangu, mkoba wa mama mkwe ni wa rangi gani, na kwa nini?"

Akacheka kidogo, cheko la kutafuta njia. "Si huo unaonekana?"

"Basi useme."

Akaichukua simu. Akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza, akaisogeza tena. Funguo zikaacha kulia.

"Mwekundu," akasema.

 Nilitarajia asijue kwa nini. Hili sikulitarajia. Mkoba ulikuwa mbele ya macho yake.

"Ni kijani huo, bwana," mwenye suti akasema kwa upole.

"Angalia vizuri, mwanangu," mama yake akasema.

"Mwekundu... au kijani. Mama, mimi..."

Mama mkwe akanyoosha mkono kwenye vigurudumu vya nyuzi, akavuta nyuzi mbili, akazishika mbele yake. "Upi mwekundu?"

Akagusa wa kijani.

Mama mkwe akakaa juu ya gunia la nguo chafu, yeye ambaye hakai mahali pasipopanguswa. "Suruali ya mwalimu," akasema polepole. "Koti la mchungaji. Kumbe ulikuwa huoni rangi."

"Niliona aibu kusema," mume wangu akajibu. "Kila mtu anajua nyekundu, mimi niseme siijui? Ukaniita mvivu, nikaona afadhali mvivu. Halafu juzi nilikuonyesha hii gemu, ukacheka, ukaniambia hongera kabla sijamaliza kusema ni ya nani. Sikuwahi kuambiwa hongera humu ndani. Nikashindwa kuirudisha hongera hiyo."

Sitawadanganya, moyo uliniuma. Nikakasirika kwamba unaniuma, maana nilikuja pale kugombana na si kulia. Nimelala naye kitanda kimoja miaka yote na nilikuwa namcheka anavyovaa soksi zisizofanana. Lakini huruma ilikuwa yake, gemu ilikuwa yangu, na jioni ilikuwa inakaribia.

"Ongea na hiyo simu," nikamwambia.

Akasogea kwenye kaunta. "Ni ya mke wangu," akasema. "Peke yake. Mimi niliichukua bila kumwomba, nikampa mama."

"Nimesikia," mtu wa kampuni akajibu. "Mama naye aache kuirusha. Dada, pole na hongera. Limebaki moja, halafu nakuja na karatasi. Unanihakikishia hakuna mtu mwingine mwenye haki na kitu chochote kilichomo humo?"

"Hakuna," nikasema kwa mdomo mpana. "Kila kitu humo ni changu."

Nikamtazama wifi, nikitegemea walau leo atanipa heshima yangu. Wifi hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mama yake.

Mama mkwe alikuwa ameirudia gemu. Hakucheza. Aliacha vyombo vijae, kuku apande mezani. Mlango ukagongwa, ukafunguka, na sauti ikauliza umri wa vumbi. Akaicheza tena, ikauliza tena. Akakigeuza kidole chake akakitazama. Vumbi la kaunta lilikuwa bado limeshika pale.

Kisha akainua macho mpaka ukutani. Mkoba wake unaning'inia hapo kila siku, mkubwa, wenye bizimu ya shaba iliyopinda upande mmoja. Ile bizimu niliichora kwa uangalifu sana. Hata kupinda niliipinda.

"Mkwe wangu," akaita. Sauti ilikuwa ya chini kabisa, na huyo mwanamke hana sauti ya chini.

"Abee, mama."

"Kama angetengeneza mwanangu, mama mkwe wake ni mama yako. Hilo nilielewa, nikacheka." Akasimama, akajipangusa gauni. "Lakini umetengeneza wewe."

 Bwana wa suti, ambaye suti yake ilikuwa tayari zamani, akajifanya anatafuta risiti.

"Mkuki kwa nguruwe, wifi," wifi akaninong'oneza.

Mama mkwe akaja mpaka kwenye kaunta, akainama karibu na simu yangu, pale penye spika, kama mtu anayetaka maneno yake yafike mbali.

"Umesema mtu akichukua cha mwenzake bila kumwomba ni mwizi, hata kama mwenyewe amebaki nacho," akasema. "Huyu mama mkwe uliyemtia humu, na mdomo wake, na mkoba wake. Ulimwomba?"



"Halo? Dada?" mtu wa kampuni akauliza. "Nani huyo anayeongea hapo?"